Sauti Yenye Machicha

Siku ya mwanzo kile kikanyagio kilipotia sauti nyumbani kwetu, mama mkwe wangu alitoka kufukuza nyuki. Yeye alikuwa jikoni, miye nakunja nguo ukumbini, na mwenyewe, yaani mume wangu, kajifungia chumbani na gitaa lake. Mara likatoka lile vuuuuu, refu, zito, la hasira. Mama mkwe akatia makaa kwenye chetezo, akamwaga na ubani wa kujaza kiganja, akaja mbio kajifunika kanga mpaka machoni.

"Tokeni! Mzinga umevunjika darini!"

"Mama, si nyuki. Ni gitaa la mwanao."

Akasimama katikati ya moshi, akasikiliza.

"Gitaa? Lina nini, limepata mafua?"

Hilo vuuu nlijua lilikotoka, ila nlikuwa bado sijajua kama ni neema au mtihani.

Mume wangu ni seremala. Gitaa kaanza kulipiga kabla hajanioa, kwenye chama cha taarabu cha mtaani kwetu, na wakati wa posa yangu wazee walilijadili hilo gitaa kuliko walivyomjadili yeye. Walikubali kwa kuwa sala hazimpiti. Tukaishi hivyo: mchana randa na msumeno, jioni gitaa, na Ramadhani gitaa linatundikwa ukutani kama nguo ya Idi.

Sasa, msumeno ukaja ukamla kidole cha kati, mkono wa kushoto. Kilipona, lakini kilipona kigumu, kimenyooka kama kijiti cha mshikaki. Na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi za gitaa. Zile sauti za haraka haraka, zinazokimbizana kama watoto wakitoka chuoni, zikamshinda. Kidole kinafika wakati wimbo umeshapita. Kiongozi wa chama, ambaye ni mpiga fidla na wenzake humwita Mwalimu, akamvumilia miezi miwili, kisha akamwambia mbele ya watu:

"Kaka, gitaa mwachie mpwa wangu. Weye utatushikia viti."

Alirudi nyumbani akanyamaza. Nnataka mfahamu mume wangu ni mtu wa namna gani. Akitoka kazini alikuwa akinihadithia msumari kwa msumari: huu ulipinda, huu uliingia, huu ulikuwa na kutu. Basi huyo ndiye aliyekuwa sasa akiitwa anajibu "Naam," akiulizwa chakula anajibu "Kizuri," basi. Anakaa dirishani anakitazama kidole. Mamake akanambia, "Huyu tukimwacha hivi, atakuwa ukuta." Kila baada ya sala nkawa namuomba Mungu amlegezee mume wangu kile kidole.

Nlimuombea kidole. Mungu akampa mguu.

Mdogo wangu ni baharia. Alikuja siku moja na mfuko wake, na ndani ya soksi kafunga kitu cha chuma kama kipande cha sabuni ya mche. Juu kina kidude cha kubonyeza, na ubavuni matundu mawili ya waya.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hicho nini, kufuli?"

"Hiki cha shemeji. Anakiweka chini, anakikanyaga. Sauti ya gitaa inaingia huku safi, inatoka huku chafu."

"Umekwenda mpaka Ulaya kutuletea uchafu?"

Akacheka, akakaa, akanieleza. Kwamba huko Ulaya vijana walipenda sauti ya gitaa linalotoka kwenye spika iliyopasuka. Sasa si kila mtu ana spika ya kuiharibu, basi mafundi wakakaa wakatengeneza hiki kidude, kiifanye spika nzima ilie kama mbovu.

"Ngoja kwanza," nkamwambia. "Mtu ana spika nzima, halafu anatafuta kitu cha kuifanya ilie kama mbovu?"

"Ndivyo, dada."

"Na hao wamesoma?"

"Wamesoma sana."

Wakati huo nlikuwa mwaka wa pili wa darasa za jioni. Herufi za Kiarabu nlizijua tangu utoto, lakini hizi za Kizungu nlizijulia ukubwani, na nlikuwa naona haya kukaa dawati moja na mabinti wa umri wa kuwa wanangu. Siku ile haya zikanitoka.

Mdogo wangu akachukua daftari langu la darasa akanichorea sauti: inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama pindo la kilemba. Kile kikanyagio, akasema, kinazikata zile ncha za juu na za chini, ikabaki bapa. Hapo sikufahamu kitu. Nilifahamu mume wangu alipopiga bila kukikanyaga, kisha akakikanyaga. Nyie nyote mnatumia kifumbu cha kuchujia nazi. Tui likipita kwenye kifumbu kizima linatoka laini. Kifumbu kikiwa na tundu, tui linatoka na machicha, linakwaruza ulimi. Gitaa peke yake lilikuwa tui. Akikanyaga, machicha yanaingia. Nkamweleza mama mkwe hivyo hivyo, na kuanzia hapo nyumbani kwetu ikawa: "Leo unapiga la tui au la machicha?"

Lakini neema yenyewe haikuwa machicha. Neema ilikuwa urefu. Gitaa la kawaida ukiligusa linasema ting, limekwisha, na lazima umpe mtu sauti nyengine upesi. Hili ukiligusa mara moja linavuma, na linavuma, unaweza kunywa maji ukarudi ukalikuta. Pale alipohitaji sauti nane, sasa moja ilitosha. Kile kidole kigumu kikapata wakati wa kufika.

Na jengine likasadifu. Mpiga zumari wa chama chao, mzee mmoja mcheshi, alikuwa kang'oka meno mawili ya mbele kwa kutafuna muwa. Kila akipuliza, pumzi zinatoka pembeni na mate yanamrukia mpiga ngoma. Chama kikawa hakina zumari. Mume wangu akaenda mazoezini na kikanyagio chake, akapiga ile sehemu ya zumari kwa gitaa, polepole, kwa vidole vitatu na nusu. Mwalimu akaacha fidla magotini akasikiliza.

"Si zumari," akasema. "Wala si gitaa. Lakini lina pumzi."

Akampa sharti. Kulikuwa na harusi inakuja Kikwajuni, na jamaa wa biharusi walitaka atolewe kwa zumari, kama walivyotolewa mamake na bibi yake. Gitaa likiweza kumtoa biharusi, mume wangu kabaki na nafasi yake. Lisipoweza, mpwa analichukua na maneno yamekwisha.

Siku hiyo mume wangu alinihadithia kuanzia mlangoni mpaka tulipomaliza kula, na samaki wote akawaacha wapoe.

Sasa hicho kikanyagio kilikuwa na tabia zake, kama mgeni wa kulala. Joto hakilitaki. Saa sita za mchana kilikuwa kinapiga chafya: vu, vu, kinanyamaza, vu. Asubuhi na baada ya Alasiri kinavuma kama kawaida. Mdogo wangu akasema ndani mna vijidude vidogo vinavyochoka kwa joto. Mume wangu akatafuta pahala baridi kuliko pote nyumbani. Ni wapi? Ni chini ya mtungi wa maji. Akakifunga kwa kanga yangu iliyorowa, akakiweka pale kama mtoto mwenye homa.

"Kanga yangu ya kusalia iko wapi?" nkamuuliza.

"Imemfunika mgonjwa."

Mtungi unavuja, hata paka anajua. Siku tatu kimekaa chini ya matone. Siku ya nne akakikanyaga, kimya. Akakifungua, maji yakatoka kijiko kizima. Tukakianika juu ya dari, tukakizika kwenye mchele, mama mkwe akakisomea. Hakikurudi.

Harusi imebaki wiki moja. Na miye hapo hapo nkaitwa Fumba, shangazi yangu kaugua. Nkaondoka nyumba ina huzuni, mume wangu karudi dirishani kwake.

Yaliyotokea nyuma yangu nliyajua baadaye, lakini nnayasema sasa ili tuende pamoja. Mdogo wangu alikuja, akamkuta shemeji yake hali ile, akamwambia: "Hiki kidude si kilitengenezwa kuiga spika iliyopasuka? Basi ipasue spika." Lile sanduku la chama la kukuzia sauti lilikaa kwetu, kwani mbao zake alizichonga mume wangu mwenyewe. Wakalifungua, wakamulika ile karatasi nyeusi ya duara iliyo ndani ya spika, mume wangu akachukua wembe mpya wa ndevu, akasema bismillahi, akaikata mikato minne. Alipopiga gitaa, ikatoka sauti ya machicha tupu, nzito kuliko ya kikanyagio. Wakakubaliana wasimwambie mtu. Mume wangu akaogopa Mwalimu atasema kaharibu mali ya chama. Kile kikanyagio kilichokufa atakiweka chini na atakikanyaga vivyo hivyo, watu wadhani ndicho kinacholia.

Miye nliporudi nkakuta mtu anacheka. "Sauti imerudi," akanambia. Nkasema alhamdulillahi, mchele umefanya kazi.

Siku moja kabla ya harusi, yeye yuko kazini, nkafuta vumbi lile sanduku. Nkaona kitambaa cha mbele kimelegea. Nkachungulia. Lahaula! Karatasi ya spika imepasuka pande nne, imening'inia. Nkasema hawa ni panya. Panya wa nyumba yetu walishakula kona ya mkeka na nusu ya kofia ya Ijumaa, spika itawashinda?

Na hapa lazima nseme kazi yangu. Miye ndiye ninayeunga vitabu vya chuoni mtaani kwetu. Watoto wakichana juzuu, mwalimu wao ananiletea miye. Nnapika gundi ya unga wa ngano, nyepesi, haina donge. Nnachukua karatasi laini ya kutengenezea tiara za kurusha, nnaikata nyembamba, nnaipaka, nnaiweka juu ya mpasuko, nnaipapasa kwa ncha ya kidole mpaka pasijulikane. Wapo watoto waliokuwa wakichana, wakaja wakaoa, na ule ukurasa bado umeshika.

Nkakaa chini nkaiunga ile spika. Unga ulikuwa haba siku zile, uliobaki ni wa maandazi ya wageni, nkachota humo. Niliziba kila mkato ndani na nje. Nkaacha ikauka, nkapaka tena. Kisha nkarudisha kitambaa. Na sikumwambia mtu. Sadaka nzuri ni ile ambayo mkono wa kushoto haujui wa kulia umetoa nini. Wallahi nlilala siku ile nnajiona mke mwema.

Kesho yake sanduku likapakiwa kwenye mkokoteni, na mume wangu alipolikuta huko alilitia waya tu, hakulijaribu, kwani nani anajaribu kitu kilichokuwa kizima jana?

Harusi ilikuwa baada ya Alasiri, kwenye uwanja wa majumba mapya. Wanawake tumekaa kwenye mikeka, mafuta ya nazi na asumini yananukia mpaka barabarani. Wapigaji wako upande wa ukuta. Ilitakiwa biharusi atoke, akae, atazamwe, na shughuli iishe kabla ya Magharibi, maana bibi yake alishaapa hakuna muziki utakaogongana na adhana.

Fidla ikaanza, ngoma zikafuata. Mwalimu akamtolea mume wangu ishara kwa kidevu. Mume wangu akakikanyaga kikanyagio kwa madaha, akaligusa gitaa.

Ting.

Safi. Laini. Tui la kwanza lisilo hata chembe.

Akatazama chini. Akakikanyaga tena kwa nguvu, huku kinajulikana ni maiti. Ting. Halafu kimya kirefu, kidole kinatafuta njia. Ting.

Mwanamke aliyekaa ubavuni kwangu akaniinamia. "Hebu nambie, huyo anapiga gitaa au anakoroga sukari kwenye kikombe?"

"Ni mume wangu."

"Anakoroga vizuri."

Mlangoni biharusi alishasimama, kafunikwa shela la kijani, shangazi zake wamemshika mikono. Wanasubiri zumari. Nyayo hazinyanyuki. Bibi yake akasema kwa sauti, "Huyu mtoto atolewe au tumrudishe ndani?" Mwalimu alikuwa anapiga fidla na huku anamtazama mpwa wake aliyekaa nyuma, na yule kijana ameshaanza kukunja mikono ya shati. Nkamtazama mume wangu. Jasho linamtoka, na uso wake ni ule ule wa dirishani.

Mdogo wangu akaja mpaka ukingoni mwa mikeka, kainama kama anatafuta viatu.

"Dada! Nani kaligusa sanduku?"

"Miye. Nimeliunga. Panya walikuwa wameitafuna spika."

"Panya!" Akashika kichwa. "Panya mwenyewe si yule pale kashika gitaa! Tuliikata kwa wembe, dada! Ile ndiyo sauti!"

Mungu atanisamehe, jambo la kwanza nlilolifikiria halikuwa mume wangu. Nlifikiria kazi yangu. Mipasuko minne, imezibwa ndani na nje, haina donge, huijui ilipoanzia wala ilipoishia. Sijawahi maishani mwangu kuchana kitu. Hata barua mbaya naikunja.

Halafu nkasikia ting nyengine.

Nkasimama. Mama mkwe akanishika buibui. "Unakwenda wapi, wanaume wale?"

"Nakwenda kumtoa biharusi, Mama."

Nkajifunika vizuri, nkapita nyuma ya ngoma, nkapiga magoti mbele ya lile sanduku kama mtu aliyedondosha hereni. Nkachomoa pini ya mtandio, ile ndefu ya chuma. Nkataka kusema bismillahi, nkajiuliza, je, inafaa kuharibu kitu kwa jina la Mungu? Nkaisema. Kama seremala kaisema kwa wembe, miye ntaisema kwa pini. Nkaipitisha kwenye kitambaa, nkahisi karatasi, nkasukuma. Gundi ilikuwa imeshika vizuri, nawaambia. Nlisukuma kwa mikono miwili, nkaburura mpaka chini. Krrrrr! Nkaburura pengine.

Yeye wakati huo alikuwa amebonyeza uzi mmoja, kakata tamaa. Ule uzi ukanivumia usoni. VUUUUUU! Ilikuwa si nyuki tena. Ilikuwa zumari mia na ng'ombe mmoja. Ngoma zikaruka pigo zima. Nkaanguka kitako, pini mkononi.

Vigelegele vikapigwa. Nyayo za biharusi zikanyanyuka. Mume wangu akainua kichwa, akaniona chini pale, akaiona pini, akafahamu yote. Hakuacha kupiga. Kidole kigumu kikapanda, kikafika, kikatulia, na sauti ikamngojea. Alimtoa yule mtoto kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti kwa sauti nne tu, ndefu ndefu, na bibi yake akalia, mkono mdomoni.

Walipomaliza, Mwalimu alikuja na fidla kwapani. Akalifungua sanduku. Akaitazama ile spika: wembe wa mume, gundi ya mke, na juu yake pini. Mume wangu akasema, "Mwalimu, nliipasua miye, mali ya chama."

Mwalimu akanigeukia miye.

"Bi, weye ndiye uliyeitia sauti?"

"Miye ndiye nliyeiondoa. Kisha nkaona aibu, nkairudisha."

Akaibonyeza karatasi kwa kidole, akasikiliza inavyokwaruza. Yule mpwa alikuwa kashakaribia, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye kiwiko.

"Weye teremsha mikono, ushike viti," Mwalimu akamwambia. Kisha kwa mume wangu: "Wiki ijayo kuna harusi Chukwani. Njoo na gitaa. Na mkeo aje na pini, jambo likiharibika tena, awepo wa kulikoroga."

Adhana ikatoka. Tukasali, mkokoteni ukatangulia, tukarudi kwa miguu, mama mkwe mbele na mdogo wangu, sisi nyuma. Nlingoja mume wangu anighadhibikie. Mpaka Mnazi Mmoja nkawa nahesabu nguzo za taa. Kisha akasema:

"Ile sauti ilikuwa nene kuliko ya wembe mtupu. Umeisikia? Wembe peke yake unatoa machicha makavu. Hii ya leo ilikuwa na kitu ndani. Kama inashikana halafu inaachana, inashikana halafu inaachana. Ni ile gundi. Karatasi imekuwa ngumu pembeni na imelegea katikati. Ulipika kwa maji kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Unga gani?"

"Wa ngano."

"Ule wa maandazi ya wageni?"

"Ndio uliokuwamo ndani."

Akatembea hatua kadhaa, anafikiri, kidole chake kigumu kinapiga uzi usiokuwepo.

"Uliobaki usiukande," akasema.